Kunasa gemu kwa kadi au kwa programu: somo lililogharimu shilingi 3,000

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na sababu yenyewe ni aibu kidogo, lakini wacha niisimulie maana huenda ikamwokolea mtu pesa zake. Ni kisa cha mdogo wangu, tarakilishi ya mtumba, na swali ambalo nilidhani ninalijua jibu lake: ukitaka kurusha mubashara gemu unayocheza, unase picha kwa kifaa au kwa programu?

Kwanza nimtambulishe huyu mdogo wangu. Ana miaka 25, anakaa na mama kule Changamwe, Mombasa, mchana anaosha magari na usiku anacheza Tekken 7. Alipomaliza kidato cha nne, mimi nilikuwa chuoni nikisomea sayansi ya kompyuta, na karo ya watu wawili haikuwapo nyumbani. Ile kidogo iliyokuwapo ililipwa kwangu. Hajawahi kunitajia jambo hilo hata mara moja, na ndiyo maana mimi silisahau.

Siku moja akanipigia simu. Vijana wa mtaa walikuwa wanaandaa shindano, wachezaji 16, kiingilio shilingi 200 kila mmoja, naye alikuwa amewaahidi kwamba litaonekana YouTube moja kwa moja. Alikuwa amejaribu kurusha, lakini gemu ikawa inakwenda kama watu wanapigana chini ya maji.

"Kaka, nimeweka elfu tatu. Ninunue nini? Wewe ndiye uliyesoma."

Sikumwuliza swali hata moja. Nilimjibu papo hapo: nunua kadi ya kunasa. Hoja yangu ilikuwa kwamba programu inailemea prosesa, basi kazi ihamishiwe kwenye maunzi. Inasikika vizuri, sivyo? Hata nilijiona mjuzi.

Kabla sijaendelea, hebu tupige hesabu pamoja. Picha moja ya pikseli 1920 kwa 1080, kila pikseli ikichukua baiti 3, ni takriban megabaiti 6.2. Gemu ikienda fremu 60 kwa sekunde, hizo ni megabaiti 373 kila sekunde! Intaneti ya kawaida ya nyumbani haiwezi kubeba mzigo huo. Kwa hiyo kuna kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kunasa, yaani kuichukua picha. Ya pili ni kubana, yaani kuipunguza mpaka ipite kwenye waya. Kosa langu lilianzia hapo, nilizifanya kazi hizi mbili kuwa moja.

Mdogo wangu akaenda mjini, akarudi na kidude kidogo cha USB chenye tundu la HDMI. Kwenye boksi kimeandikwa 4K, na plagi yake ina plastiki ya buluu, rangi ambayo wengi tunajua ni ya USB 3.0. Akakichomeka kwenye tarakilishi ile ile anayochezea. Mambo yakawa mabaya kuliko mwanzo, na shindano lilikuwa limebakisha siku tisa.

Ijumaa nikapanda basi la usiku kutoka Nairobi.

Asubuhi, baada ya chai na mahamri ya mama, nikafanya kile ambacho ningekifanya siku ya kwanza: nikaiangalia mashine. Prosesa ni Intel i5-4570, yenye viini vinne, ya mwaka 2013. Kadi ya michoro ni GTX 1050 Ti. Programu ya kurushia ni OBS, ambayo ni ya bure, na ilikuwa imewekwa ibane video kwa x264, yaani kwa prosesa.

Tukajaribu bila kidude. Prosesa ikafika asilimia 100. Sasa, Tekken 7 imefungwa kwenye fremu 60, na mwendo wa mchezo wenyewe unafuata fremu hizo. Zikipungua, wapiganaji nao wanapunguza mwendo. Ngumi ya haraka huchukua fremu 10, ambazo ni kama sehemu ya sita ya sekunde. Mchezaji aliyezoesha vidole vyake muda huo hawezi kucheza kwenye mashine inayosuasua.

Halafu tukajaribu na kidude. Kwanza, ile buluu ilikuwa rangi tu. Windows ilionyesha kwamba kimeunganishwa kwa USB 2.0, ambayo hata kwenye makaratasi haizidi megabaiti 60 kwa sekunde. Ili picha ipite hapo, kidude kinaigeuza kuwa MJPEG, na kwa 1080 kinatoa fremu 30 tu. Hiyo 4K ni picha kinachoweza kupokea, wala si kinachotoa. Pili, na hili ndilo lililoniumiza, kidude kilikuwa kinanasa tu. Prosesa ile ile iliyochoka ilibidi sasa ifungue MJPEG, kisha iibane upya kwa x264. Niliyedhani nimempunguzia mzigo, kumbe nimemwongezea.

Nilimwambia ukweli. "Nilikushauri vibaya. Sikupima."

Akanitazama, akasema, "Haya, basi pima sasa."

Dawa ilikuwa ndani ya mashine tangu mwanzo. Kadi nyingi za NVIDIA tangu mwaka 2012 zina sehemu maalumu ya kubana video iitwayo NVENC, iliyo kando na sehemu inayochora gemu. (Si zote, GT 1030 kwa mfano haina.) Hata Intel wana yao, Quick Sync, tangu 2011. Tukaingia kwenye mipangilio ya OBS, tukaacha x264, tukachagua NVENC. Badala ya kunasa skrini nzima, tukaiambia OBS inase gemu yenyewe, ambapo fremu inachukuliwa ndani ya kadi ya michoro moja kwa moja. Tukashusha picha ya kurusha hadi 720 kwa fremu 60, kilobiti 4,500 kwa sekunde, ambayo hula takriban gigabaiti 2 kwa saa. Gharama ya yote hayo: sufuri.

Wapiganaji wakatoka majini.

Je, kadi ya kunasa haina kazi? Inayo, tena kubwa. Ukiwa na tarakilishi mbili, moja ya kuchezea na nyingine ya kurushia, kadi ndiyo daraja. Ukitaka kurusha gemu ya PlayStation kupitia tarakilishi, utaihitaji pia. Lakini usicheze ukitazama picha iliyopitia kadi, kwa sababu inachelewa. Tumia kadi yenye tundu la kutolea picha, au weka kigawanyi cha HDMI. Kidude chetu sasa kimekodiwa na jirani mwenye PS4, baada ya kuzima HDCP kwenye mipangilio yake.

Kabla sijaondoka nilimwonyesha dirisha la takwimu la OBS. Fremu zikikosekana kwenye uchoraji, kadi ya michoro imelemewa. Zikirukwa kwenye kubana, anayebana amelemewa. Zikidondoka kwenye mtandao, usiguse mashine, tatizo ni laini ya intaneti.

Siku ya shindano nilikuwa Nairobi, nikitazama kwa simu. Nusu fainali picha ikakwama. Moyo ukanipiga, nikaanza kutafuta namba yake, lakini ujumbe wake ukatangulia: "Kaka usijali, ni mtandao, mashine iko sawa. Nashusha hadi 2,500." Dakika moja baadaye picha ikarudi. Watazamaji walikuwa 41, na mama mmoja wao.

Usiku huo nikamtumia elfu tatu zake kwa M-Pesa. Akazirudisha. "Wacha kaka, hiyo ilikuwa karo yangu."

Sikujua nimjibu nini. Nawe unayefikiria kununua kadi, fungua kwanza lile dirisha la takwimu, usome namba tatu, ndipo ushike mfuko. Na ukiombwa ushauri na mtu aliyeweka elfu tatu yake ya mwisho, uliza maswali kabla ya kujibu.