Kope za Dirisha

Juma hili sikuandaa shairi. Nimeandaa kisa cha pazia, na naomba mnivumilie, maana kitapita kwenye mizani kabla hakijafika mwisho.

Mwaka niliostaafu kufundisha ulikuwa pia mwaka ambao macho ya mume wangu yalianza kumwaga. Ni ile presha ya macho, maradhi yanayomnyang'anya mtu uoni kuanzia pembeni, polepole, bila maumivu, hata akaja kugundua kuwa anautazama ulimwengu kama mtu achunguliaye kwenye tundu la ufunguo. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Tiba hulinda kilichosalia. Kliniki zikawa za mara kwa mara, na safari ya basi kutoka Iringa hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kupitia Mafinga na Makambako, ikawa adhabu kwa mtu wa umri wake. Tukaamua kuifunga nyumba yetu ya Iringa, tukapanga Mbeya, mahali ambapo hospitali ya rufaa inafikika kwa bajaji.

Nyumba ilikuwa nzuri. Ina ua wenye miparachichi miwili, maji hayakatiki sana, na asubuhi mlima Loleza unaonekana hadi kileleni kama ukungu umeridhia. Mwenye nyumba, mama mjane wa Kinyakyusa aliyenipungukia miaka michache, alikaa nyumba kubwa ndani ya ua huohuo. Tulipatana mapema. Asubuhi akinikuta nafagia hunisabahi, "Mugonile, mwalimu," nami humjibu kwa Kihehe changu, "Kamwene," kila mmoja akishikilia lugha ya kwao na sote tukicheka. Kasoro ilikuwa moja tu: madirisha ya sebule.

Yalifunikwa kwa vile vitambaa vyembamba virefu vinavyoning'inia wima kutoka kwenye reli, vilivyounganishwa chini kwa kijinyororo cha plastiki, kama mnavyoviona katika ofisi ambazo mtu huingia na faili na kutoka bila jibu. Rangi yake ilikuwa ya ugoro. Vingine vilikuwa vimekatika, vikaacha mapengo kama ya meno; vingine vilijikunja kwa jua la miaka mingi, na upepo wa jioni ukivuma viligongana kwa mlio mkavu, ka-ka-ka, usiku kucha. Mkataba wetu wa kupanga ulikuwa na kifungu kilichoandikwa kwa kalamu chini ya maneno yaliyochapwa: mpangaji asiviondoe, wala asitoboe ukuta.

Hapo ndipo mimi na mume wangu, walimu wawili waliokosa darasa, tulipoanza kubishana juu ya jina. Watu wa madukani Mwanjelwa wanaviita "blaindi" au "mapazia ya ofisini". La kwanza ni neno la kuazima ambalo halijajifunza adabu za ugenini; la pili si kweli, kwa kuwa pazia ni kitambaa kimoja kipana kinachokunjamana, na hivi havikunjamani. Lugha yetu si maskini wa maneno ya kufunika. Tuna sitara, tuna kiambaza, tuna shubaka, ambalo kwa Waarabu ni dirisha na kwa watu wa pwani yetu limekuwa kidaka ndani ya ukuta. Hata dirisha lenyewe lilitoka Uajemi likiwa na maana ya mlango mdogo. Mume wangu alikaa kimya muda mrefu, uso ameuelekeza kwenye mwanga asiouona vema, kisha akasema, "Viite kope. Kope za dirisha."

Nilipenda papo hapo. Kimoja ni ukope, vyote ni kope, kama ukuta na kuta: ngeli imekubali bila kulazimishwa. Tena vinafanya kazi ya kope hasa, kwani hufumba na kufumbua. Nilitaka kumsifu, nikaona ameinamisha kichwa, nikafahamu neno lile amelitoa wapi. Sikusema kitu.

Kwa kuwa kope haziondolewi, nikaazimia kuzificha. Naeleza namna nilivyofanya, maana huenda msomaji mmoja yumo katika nyumba ya kupanga na ana dirisha la namna hiyo. Reli ya kope hushikiliwa ukutani kwa vyuma viwili vidogo vilivyopinda. Juu ya vyuma hivyo nilifunga kamba ya katani yenye vitanzi, na ndani ya vitanzi nikapitisha ufito wa mwanzi. Ukuta haukupata tundu hata moja. Mwanzi niliagiza Iringa kwa mpwa wangu, kwa fahari ya kwetu kwenye ulanzi. Akaupakia kwenye basi, kondakta akautoza nauli ya mzigo karibu na ya mtoto. Juma lililofuata nilikwenda Tukuyu kwenye msiba nikaona mianzi njia nzima. Tuliache hilo.

Kisha kitambaa. Kitenge kingefaa kwa unene wake, lakini sandukuni nilikuwa na doti nne za kanga za marehemu mama yangu, ambazo sikuwahi kuzivaa wala kuthubutu kuzikata. Mnajua umbo la kanga: pindo linalozunguka, mji katikati, na jina chini ya mji. Wanaosimulia historia yake humtaja Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa wa mwanzoni mwa karne ya 20, kuwa ndiye aliyeanza kutia majina hayo. Zamani yalichapwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi zetu. Mama hakusoma zaidi ya darasa la nne, ila majina ya kanga zake aliyajua kwa moyo, na alikuwa na kawaida ya kuchagua ipi aende nayo kwa nani. Nilipokuwa mtoto nilidhani anachagua rangi.

Nikafungua doti, nikazitandaza kitandani, nikasoma majina manne. Nikachagua yenye mji wa zambarau na pindo jeupe, iliyoandikwa: NYUMBA NJEMA SI MLANGO.

Kanga peke yake haikutosha. Ni pamba nyepesi, na mwanga ulipopiga kwa nyuma kope zilijichora kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Nikaitia bitana ya shuka jeupe kuukuu, nikapiga mshono kwa cherehani, nikaacha mfuko juu wa kupitishia mwanzi. Mchana kope zilifunguliwa, kanga ikasimama mbele yake. Usiku zote mbili zikafungwa, na baridi ya Juni, ambayo Mbeya haina mzaha nayo, ikapungua sebuleni. Mlio wa ka-ka-ka ulizimika kwa bitana. Mume wangu, ambaye kope hazikumkera kwa rangi bali kwa mlio, alilala usingizi mzuri.

Ikawa desturi yetu. Kila asubuhi akiketi kitini huniuliza, "Dirisha linasemaje leo?" nami humsomea jina. Naye hutoa maoni. Aliwahi kuniambia kuwa ukwapi ule ni mizani nane kamili: nyu-mba-nje-ma-si-m-la-ngo. Lakini utao wa methali, "fungua uingie ndani", una mizani tisa, mmoja umezidi. Akapendekeza iwe "fungua ingia ndani", nane kwa nane, mshororo wa kumi na sita usio na lawama. Nikamwambia methali si mali yake aichonge. Akasema wahenga nao walichonga. Mabishano hayo yalitufaa kuliko dawa kadhaa.

Mwisho wa mwezi wa tano wa kupanga kwetu, mama mwenye nyumba alikuja kutujulia hali. Kodi hulipwa kwa miezi sita, kwa hiyo ziara hiyo ilikuwa pia ya kupima kama tutaendelea. Nikamkalisha kwenye kiti cha heshima, kinachoelekea dirisha. Nikaenda jikoni kuleta chai ya maziwa. Niliporudi alikuwa amebadilika uso. Alishika kikombe, akakizungusha, akakirudisha kwenye sahani bila kunywa. Akaaga kwa kusema ana wageni. Wageni sikuwaona.

Asubuhi iliyofuata hakukuwa na "Mugonile". Siku ya tatu msichana wake wa kazi aliniletea ujumbe wa mdomo: mama anauliza, mtaondoka lini, kwa kuwa yupo ndugu anayeihitaji nyumba.

Nilihangaika siku nzima kabla ya kuelewa. Wiki mbili kabla ya ziara ile, mama yule alikuwa ameweka mlango mpya wa mbele katika nyumba tuliyopanga, mninga mzito wenye nakshi, kwa gharama ambayo mafundi wenyewe waliisimulia mtaa mzima. Nasi tulikuwa tumemkalisha mbele ya maandishi makubwa yasemayo nyumba njema si mlango.

Nikamweleza mume wangu. Alicheka kwanza, kisha akaacha, kwa kuwa kliniki yake ilikuwa juma lililofuata, na kutafuta nyumba nyingine ya karibu si jambo la siku tatu. "Nenda," akasema. "Usimtume mtu."

Nilikwenda jioni. Alinipokea kwa heshima, "Shikamoo, mwalimu," kwa Kiswahili, na Kiswahili kile kilikuwa baridi kuliko hewa ya nje. Nikajieleza kama mwalimu anavyojieleza: kanga ni ya marehemu mama, haina ubaya, na methali ile haiishii pale. Nikammalizia: fungua uingie ndani. Nilidhani utao utaponya ukwapi.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, huo mwisho naujua. Mwisho ndio ulioniuma. Wewe ulifungua ukaingia ndani. Ukakuta nini? Ukakuta vitambaa vya marehemu, ukavifunika."

Nimesahihisha ufahamu wa wanafunzi kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikuwahi kupata jibu lililosoma matini vizuri kuliko lile. Sikuwa na la kusema. Kwa kuwa hapa ninaandikia watu wa lugha, nitakiri jambo ambalo sikulikiri kwa mume wangu hadi usiku ule. Siku nilipotandaza zile doti nne kitandani sikuchagua rangi. Nilisoma majina, na lile lilinichekesha. Nilijua kope zile zinanikera, nilijua kifungu cha mkataba kinanikera, na nilipenda kuwa na sebule inayosema nisichoweza kusema mwenyewe. Mlango wa mninga haukuwapo bado, kwa hilo sina hatia. Ila kijembe kilikuwapo, kikingoja wa kumchoma.

Nikamwambia hivyo hivyo. Sikupamba. Alikaa kimya, kisha akanisimulia kuwa vile vitambaa mumewe alivinunua kwenye ofisi iliyokuwa ikifungwa, akavileta kwenye gari la kuazima, akavitundika mwenyewe Jumamosi moja akiwa tayari anaumwa. Ndiyo kazi yake ya mwisho katika nyumba ile. Anajua ni vibaya. "Hata mimi sivipendi," akasema, na hapo ndipo alipocheka kidogo.

Kanga haikuondoka; yeye mwenyewe alisema ibaki, kwa kuwa ni ya mama. Nami nilijitolea kulificha jina. Kwa kuwa jina hukaa chini ya mji, nilipiga pande moja ya kitambaa juu yake, nikaishona kwa mkono, mshono mrefu wa kufumuliwa kirahisi siku tutakapohama. Pazia limepungua urefu kidogo, na chini yake kope zinachungulia kiasi cha vidole vitatu. Nimeziacha zichungulie. Kile kilichokatika nimekiunga kwa uzi wa rangi ya ugoro, ambao niliutafuta Mwanjelwa kwa maduka matano.

Tulilipa miezi sita mingine. Salamu zimerudi, ingawa siku hizi yeye huanza na "Kamwene" na mimi ndiye najibu kwa Kinyakyusa, kwa makosa anayoyasahihisha.

Asubuhi baada ya kushona, mume wangu aliketi kitini mwake, akageuza uso kwenye mwanga. "Dirisha linasemaje leo?"

Sikuwa nimemwambia kuhusu mshono. Nikamsomea ukwapi kama nilivyozoea. Utao akaumalizia mwenyewe, wa mizani nane.