Mjomba, Kwa Nini Korosho Inakaa Nje?

Najua nimekuwa kimya. Wale wachache mlioniandikia kuuliza kama nimeitupa kalamu, ahsanteni sana, sijaitupa. Nilikwenda nyumbani Chilangala, kule Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, nikakaa wiki tatu za mwezi wa kumi. Msimu wa korosho huo. Kila mtu yuko shambani anaokota, na mgeni kutoka Dar naye anapewa ndoo yake.

Leo siandiki habari za bei ya korosho. Hizo mnazisoma magazetini, na mimi mwenyewe nimeziandika mpaka nimechoka. Nataka kuandika kuhusu maswali ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye alikuwa ametoka kufanya mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa na sasa yuko nyumbani anasubiri matokeo. Kwetu sisi mjomba ni mtu mzito. Akiulizwa jambo hawezi kusema "kamuulize mama yako". Na mjomba mwenye simu yenye intaneti, basi tena, huyo amekwisha.

Binti ana daftari. Mbele ni hesabu na Kiswahili kama madaftari mengine. Ukiligeuza juu chini ukaanzia nyuma unakuta maswali, moja moja kwenye mstari wake, yamepewa namba mpaka 41. Kwa nini kitunguu kinaliza watu? Kwa nini jogoo anajua kumekucha na bado giza? Kwa nini huku kwetu hakuna mto? Namba moja kabisa: kwa nini mbegu ya korosho iko nje ya tunda wakati mbegu nyingine zote ziko ndani?

Nikamuuliza kwa nini ameyaandika nyuma na kichwa chini. Akasema aliwahi kuuliza hilo la korosho darasani, mwalimu akamjibu kwamba swali hilo haliko kwenye mtihani, darasa zima likacheka. Toka hapo akawa anaandika mahali ambapo mtu akifungua daftari hataona. Mwalimu simlaumu sana. Mtu ana darasa lenye watoto wengi kuliko madawati na mtihani wa taifa uko mlangoni, ataacha kipindi aende kuangalia mkorosho? Lakini mtoto wa miaka kumi na tatu kuficha maswali kama mtu anavyoficha barua ya mapenzi, hilo lilinikaa kooni.

Basi tukaanza. Mtandao nyumbani kwetu haushiki vizuri, unashika ukikaa chini ya mkorosho mmoja ulio ukingoni mwa shamba, kwa hiyo darasa letu lilikuwa pale jioni, baada ya kuokota. Nilimwachia simu aandike mwenyewe, kwa maneno yake mwenyewe. Akaandika swali namba moja kama lilivyo. Jamani! Tuliletewa mnada, tukaletewa bei, tukaletewa faida ishirini za korosho mwilini (kumi na tisa kati yake zilikuwa nguvu za kiume), na tangazo la kubeti. Swali la mtoto halikuguswa.

Hapo ndipo watu wengi wanapofanya kosa, wanamnyang'anya mtoto simu na kumtafutia. Mimi nilimwambia tuliangalie swali lenyewe kwanza. Unauliza kuhusu nini? Mbegu. Ya nini? Ya tunda. Na tunda ni lipi? Bibo. Nani kasema bibo ni tunda? Akanyamaza. Akasema, "Si tunalila, mjomba?" Nikamwambia haya, tuuliza hilo: bibo ni nini?

Kwa Kiingereza majibu yalikuja kama mvua. Na jibu ni tamu kuliko nilivyotegemea. Bibo siyo tunda kwa hesabu za wanaosoma mimea. Ni kikonyo, kile kishikizo cha ua, ambacho kimevimba na kujaa maji. Tunda halisi la mkorosho ni ile korosho yenyewe pamoja na ganda lake gumu, na mbegu iko ndani yake, kama zilivyo mbegu nyingine zote. Kwa hiyo mbegu haiko nje hata kidogo. Sisi ndio tumeliita tunda kitu kingine.

Nilimsomea sentensi moja moja nikimfasiria. Tulipofika mahali pasemapo korosho hukua kwanza mpaka inafikia ukubwa wake, ndipo kikonyo kinaanza kuvimba, akanikatiza. "Hiyo naijua. Inaanza korosho ya kijani, bibo bado kama kamba. Kila mtu anajua." Kweli kila mtu Chilangala anajua. Ushahidi wote alikuwa nao tangu anatambaa, alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba ule ni ushahidi.

Kesho yake ikawa mafuta ya ganda. Wote tuliokulia kule tuna alama mahali fulani mwilini. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, na ndani yake kuna asidi ambayo imepewa jina la Kilatini la ukoo wa mkorosho. Ukoo huo ndio wa mwembe pia. Na ndio wa mmea mmoja wa Marekani ambao watu wa huko wakiugusa wanatoka malengelenge. Nilipotamka mwembe tu akashika mdomo. "Ndiyo maana utomvu wa embe changa unachubua!" Sikumwambia mimi, alifika mwenyewe. Tukasoma pia kwamba mkorosho asili yake ni Brazili, ulisambazwa na Wareno kuanzia karne ya 16. Hilo bibi yake alikataa kata kata. Mikorosho ya babu itoke Brazili?

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwezi wa kwanza binti huyu, akichaguliwa, anaingia kidato cha kwanza, na siku hiyo hiyo sayansi yote aliyoisoma miaka saba inabadilishwa jina. Usanisinuru anaujua, anaweza kukuchorea jani na mishale ya jua. Mwezi wa kwanza ataambiwa "photosynthesis" na atadhani ni ugonjwa. Atakaa kimya, mwalimu ataandika kwamba hajui, na yeye mwenyewe ataamini hajui. Wangapi tumewaona wakipotelea hapo? Nilisoma nao. Walikuwa wakali la sita na la saba, kidato cha pili wakawa wanaitwa vichwa vigumu.

Kwa hiyo tukachora mistari kwenye kurasa za nyuma za lile daftari, safu tatu: Kimakonde cha bibi, Kiswahili, Kiingereza. Kila swali tulilolitafuta lilileta maneno yake. Kikonyo, ganda, utomvu, asidi, mvuke. Kwa yale ya Kiswahili yaliyotushinda nilikuwa na nakala yangu chakavu ya Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, ile iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Watu wanaosema Kiswahili hakina maneno ya sayansi hawajawahi kuifungua. Maneno yapo tangu miaka hiyo, yamekosa watu wa kuyaandikia majibu mtandaoni. Wikipedia ya Kiswahili imekuwepo tangu 2003 na wanaoiandika wanajitolea, Mungu awape nguvu, ila makala nyingi ni fupi. Wadogo zake wao walitaka katuni za Ubongo Kids tu, ambazo zipo tangu 2014 na zinakula bando vibaya sana.

Kaka yake aliye kidato cha pili alikuja na njia ya mkato. Siku hizi kuna programu za akili mnemba, unaziuliza kwa Kiswahili zinajibu kwa Kiswahili safi. Tukajaribu. Programu ikasema kwa adabu kubwa kwamba bibo ni tunda na korosho ni mbegu yake iliyoota nje. Binti akaandika: mbona korosho inakua kabla ya bibo? Ikaomba radhi, ikasema uko sahihi kabisa. Akamgeukia kaka yake: "Kumbe na yenyewe inamfuata anayeongea." Tangu siku hiyo ikawa sheria pale chini ya mkorosho, jibu halikubaliki mpaka lionekane sehemu mbili zisizonakiliana, na kama kitu chenyewe kipo shambani, twende tukakiangalie.

Swali la mto lilipata majibu mawili. Mtandao ulisema ardhi ya uwanda wetu ni mchanga, mvua ikinyesha maji yanapenya kwenda chini sana, na yanatokea kama chemchemi kwenye miteremko, chini kabisa. Bibi akasema wazee walikataa kukaa mabondeni kwa sababu mabondeni kuna magonjwa na vifo, heri kupanda mlima na ndoo kichwani. Tukaandika yote mawili. La kwanza linaeleza kwa nini maji hayapo, la pili kwa nini watu wapo.

Kuna kijana wa jirani, darasa la tano, naye akaanza kuja. Yeye alikuwa na jambo moja tu, yule mjusi wa Tendaguru. Anajua habari yote: Wajerumani walichimba kule Lindi kuanzia 1909 hadi 1913, wakabeba mifupa kwenda Berlin, na mjusi amesimama kwenye jumba la makumbusho la huko, urefu zaidi ya mita 13 kwenda juu. Kiswahili chake kipo kingi mtandaoni, sana sana mabishano ya kumrudisha. Yeye hakuuliza hayo. Aliuliza walijuaje kwamba mifupa yote ni ya mjusi mmoja. Tukatafuta karibu saa nzima. Jibu ni kwamba siyo ya mmoja! Yule wa Berlin ameunganishwa kutoka mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja wa aina hiyo, na sehemu zilizokosekana zimetengenezwa. Nimeandika habari mbili za mjusi huyo gazetini na hakuna mhariri, wala msomaji, aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Kaka mtu aliendelea kumcheka mdogo wake, na siku moja nikaona nimweleze habari za Erasto Mpemba. (Alipojaribu kumtafuta kwa Kiswahili aliletewa habari za watu wa kisiwa cha Pemba, kwa hiyo ilibidi tuandike na neno fizikia.) Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Magamba, kule Lushoto. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu. Wanachemsha maziwa na sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanaweka kwenye friji. Nafasi ikawa inaisha, Mpemba akaona akingoja atakosa, akayaweka ya moto. Yake yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuchemsha kabisa. Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya dunia, na ikawa kila akikosea wanamtania hivyo hivyo. Siku Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam alipotembelea shule, kijana akasimama akauliza mbele ya wote. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar akapima. Mwaka 1969 majina yao mawili yalikuwa kwenye jarida la fizikia la Uingereza. Wanafizikia bado wanagombana. Mwaka 2016 watafiti wawili walichapisha kwamba walipima kwa makini na hawakuuona ushahidi wa kuaminika. Jina hata hivyo limebaki, dunia nzima wanaita hilo jambo kwa jina la Mpemba.

Kaka mtu akauliza, "Sasa alikuwa sahihi au hakuwa?" Mdogo wake akamjibu kabla yangu: "Si wapime tena."

Kufikia mwisho wa wiki ya tatu tulikuwa tumejibu kama kumi na tisa kati ya 41, na yeye alikuwa ameongeza mengine manane. Swali namba 44 ni la bibi kwa kweli. Bibi anasema doa la bibo kwenye nguo halitoki hata ufue na nini, mpaka msimu wa mabibo uishe, likifika hapo linatoka lenyewe. Tulitafuta kwa lugha zote mbili. Simu iliishiwa chaji na bando siku ile ile.

Binti akachukua kanga kuukuu ya mama yake, akakata vipande vitatu, akakamulia bibo moja kwenye vyote. Kimoja anakifua kila Jumamosi kwa sabuni. Kimoja kiko juani kwenye kamba, hakifuliwi. Cha tatu kiko ndani ya begi, gizani. Tarehe zote zimo kwenye daftari, na sasa ameyaandikia ukurasa wa mbele. Matokeo yalipotoka alikuwa amechaguliwa. Dada yangu ameachiwa maagizo ya vile vipande: kile cha Jumamosi akifue, kile cha kwenye kamba asikiguse, na begi lisifunguliwe na mtu.