Kabla ya siku ya 90

Najua nimepotea. TP ilinikalisha wiki nane huko milimani Lushoto, mahali ambapo ukitaka mtandao unapanda mpaka kwenye kibanda cha bodaboda, na niliporudi hapa nikapokelewa na tesiti tatu mfululizo. Leo ndiyo nimepata upenyo.

Juzi pale kantini kulikuwa na ubishi mkubwa. Jamaa mmoja wa uhasibu kadai serikali inatupa hela kuwarudisha shuleni watu walioacha wenyewe. "Aliyeacha kaacha, wajengeeni vyoo waliopo." Sisi wa ualimu tukamjia juu kama nyuki. Kusema ukweli hoja yake siikubali, ila usiku nikiwa kitandani nikagundua kuna kitu amekigusa bila kujua.

Nafundisha Kiswahili na Historia, kwa hiyo mnisamehe nikianza na viambishi. Hebu tazameni majina ya mipango yetu. MEMKWA ni elimu ya msingi kwa waliOikosa. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, ule uliofungua mlango kwa mabinti waliopata ujauzito na wengine wote kurudi kwenye shule rasmi, unahusu waliOkatiza masomo. Mradi wa SEQUIP, ambao Benki ya Dunia iliupitishia mkopo wa dola milioni 500 mwezi Machi 2020, nao una njia mbadala kwa waliOacha. Zote ni -li-! Sizibezi. Ule waraka wa 2021 kuna watu umewarudishia maisha, na tunakumbuka hali ilivyokuwa kabla yake. Lakini nauliza, hela ya anayeelekea kuacha iko fungu gani?

Niwape kisa cha huko nilikokuwa. Shule ya kata, wanafunzi kama 400, nikakabidhiwa daftari la mahudhurio la Form Two B. Kazi ya kuchosha, ila daftari lile lina habari kuliko faili lolote la ofisini. Kijana mmoja (jina naliacha) alikuwa anakosa kila Alhamisi. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wiki ya nne akakosa Alhamisi na Ijumaa. Nikamwita.

"Madam, Alhamisi ni gulio."

Anabeba kabichi kupeleka kwenye malori, anapata 3,000, siku nzuri 4,000. Nikamuuliza hela anafanyia nini, nikitegemea kusikia habari za simu. Kumbe ni ya mchango wa chakula cha mchana hapo hapo shuleni! Wazazi walikubaliana debe la mahindi na 15,000 kwa muhula, asiyechangia hali. Anaishi na bibi yake. Mahindi bibi anayo, hela hana. Na kutoka kwao mpaka shule ni mwendo wa saa moja na nusu, mlima mtupu. Akaniambia, "Nisipokwenda gulioni, siku nyingine zote nashinda njaa." Yaani mtoto anakosa shule ili aweze kukaa shule.

Sasa sikilizeni. Kwa utaratibu wetu mwanafunzi anahesabika ameacha akikosa siku 90 mfululizo bila ruhusa. Huyu hakosi 90, anakosa moja, kisha mbili. Kwenye karatasi hana tatizo. Siku atakapokosa 90, ataandikwa "utoro", na utoro ndiyo sababu inayoongoza kwenye takwimu za serikali za wanaoacha shule, msingi na sekondari. Jamani, hiyo ni sababu au ni jina la tukio? Ni kama daktari aandike kwamba marehemu amefariki kwa sababu ya kufa.

Mwalimu wa malezi pale ni mama mmoja mwenye moyo sana, ana vipindi 28 kwa wiki. Bodaboda mpaka kwa bibi kwenda na kurudi ni 8,000. Fungu la kumtembelea mwanafunzi nyumbani hakuna. Tulikwenda kwa hela yangu ya TP, ile 10,000 ya siku ya Bodi ya Mikopo, ambayo nayo nitakuja kuilipa na ajira yenyewe mnaijua ilivyo. Bibi alitukaribisha vizuri, akatupikia na makande. Mwalimu akazungumza na kamati, wakakubali debe la pili la mahindi badala ya hela. Alhamisi mbili zilizofuata kijana alikuwepo darasani. Gharama yote: 8,000.

Nikakaa na kalamu. Ruzuku ya sekondari ni 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na nusu yake, 12,500, ndiyo inayofika shuleni, nyingine ni ya vitabu. Kwa wanafunzi 400 ni milioni 5 mwaka mzima: chaki, karatasi, mitihani ya ndani, kitasa kilichovunjika, kila kitu. Mkuu wa shule atoe wapi nauli ya kufuatilia mtoto wa Alhamisi? Halafu Waraka Namba 3 wa 2016 wa elimu bila malipo umeacha sare, madaftari na chakula cha wanafunzi wa kutwa kwa mzazi. Tukitenga hata 20,000 kwa kila mmoja wa wanafunzi 30 ambao daftari linawaonyesha wanayumba, ni 600,000 kwa shule kama ile. Mkuu wa shule na mwalimu wa malezi wasaini pamoja, mkaguzi akague risiti na daftari.

Mtaniambia TASAF ipo. Ni kweli, na ile ina sharti la mahudhurio, ndiyo hela pekee ninayoijua inayomwangalia mtoto akiwa bado yupo darasani. Ila jina la bibi halikuwemo kwenye orodha, basi ikaishia hapo. Yule jamaa wa uhasibu naye akasema wazazi watabweteka. Wachache watabweteka, sikatai. Bibi wa miaka sabini na magoti yake mabovu abweteke wapi?

Kijana yule ana upimaji wa kidato cha pili Novemba. Mwalimu wa malezi aliniandikia wiki iliyopita kwamba debe la pili limeisha na gulio limechangamka, msimu wa kabichi. Nimemtumia 5,000, bumu lenyewe halijaingia.

Mliokuwa TP Kigoma, Singida, Mtwara, semeni: shule zenu zinafanya nini mtoto akikosa siku ya tatu? Nakimbilia semina ya saa nane.