Mwezi wa Tisa Porini

Kusini mwa Tabora, njia ya kwenda Sikonge, mwezi wa tisa ulikuwa ukiwachanganya wageni. Mvua imeshasahaulika, nyasi zimeungua, visimani limebaki tope, halafu pori zima la miombo linachipua. Majani machanga ya mtundu hutoka mekundu, mengine rangi ya shaba, yakaning'inia kilegevu siku kadhaa kabla ya kugeuka kijani. Mti ule hausubiri mvua. Unatumia maji uliyojiwekea akiba.

Mwalimu alipotuambia kuwa mtundu na nduguze ni wa jenasi ya Brachystegia, na kwamba ni jamii moja na kunde, darasa zima liliangua kicheko. Akatutuma tukaokote maganda. Jua la mchana likishakolea, maganda yale magumu kama mbao hupasuka kwa mlio, kila upande ukajisokota, na mbegu bapa za kahawia zikaruka huko. Ikikupata ya sikio hubishi tena habari za kunde.

Maua yake hata hayatazamiki: madogo, meupe ya kijani, karibu hayana petali. Nyuki lakini hawakuyadharau, na mjomba aliwafuata nyuki. Mizinga yake ilikuwa ya magome. Alikata gome kwa kuzunguka shina juu na chini, akalichana kwa wima, akalibandua zima, akalishona kwa vijiti na kulifunga kwa kamba za gome hilohilo. Mti uliovuliwa hivyo haukai, hukauka umesimama.

“Mjomba, huu si utakufa?” niliuliza.

“Utakufa, mpwa wangu. Lakini hesabu na ile iliyoingia kwenye mabani.”

Alikuwa na hoja, ingawa ilimfaa yeye zaidi. Mabani ya kukaushia tumbaku yalikula kuni usiku na mchana, na kabla ya kuni shamba lenyewe lilishafyekwa.

Mvua za kwanza zilipogonga, uyoga uliota chini ya mitundu, kwa kuwa aina nyingi huishi kwa kushikamana na mizizi yake. Mama aliupika kwa karanga na kuwagawia majirani. Upande wa magharibi ulipofyekwa kupisha tumbaku, uyoga huko haukuota tena, na mama akaanza kuununua sokoni kwa sado.