Maji ya Moto na Hofu ya Tokeni

Watu wa bara hutucheka wakisikia kwamba mtu wa Mombasa naye huoga maji ya moto. Hawajalala Mji wa Kale mwezi wa Julai, kusi likivuma usiku kucha, kisha wakaamka alfajiri na kutia mkono chini ya bomba. Kwa kijana jambo hilo ni la kupita. Hupiga kelele moja, akajifuta, akenda zake msikitini. Kwa mzee mwenye magoti mabovu, na kwa mzazi aliye ndani ya arubaini yake, ni jambo jengine kabisa.

Nyumbani kwetu tunashiriki jiko moja wanawake watatu, wakaza wana wawili na wifi yetu, chini ya Bimkubwa aliyekwisha kupita miaka 70. Kusi la mwaka uliopita tulimwona akidhoofika, midomo imekauka, kichwa kikimzunguka kila ainukapo. Daktari alipompima alisema mwili wake umepungukiwa na maji. Tulishangaa, kwani mtungi haukosi maji katika nyumba hii. Siku ya tatu, wifi yetu akimkanda miguu kwa mafuta ya nazi, Bimkubwa akasema kama asimuliaye habari ya jirani: alikuwa ameacha kunywa maji tangu Alasiri ili udhu wake wa Magharibi umfikishe Isha, na ili asiamke usiku akalazimika kutawadha kwa maji ya baridi. Tukamuuliza mbona hakuwasha hita. Akajibu, “Umeme ghali, wanangu. Hizo tokeni mwanunua kwa jasho.”

Hita ilikuwepo: tangi la lita 50 lililofungwa juu ya choo, lenye elementi ya wati 1,500. Kilichokosekana ni hesabu. Kila mmoja wetu aliiogopa bila kujua inakula kiasi gani, na hofu isiyo na kipimo humwangukia yule aliye mpole kuliko wote nyumbani. Ndipo tukaamua kuipima.

Kanuni yenyewe watoto wa sekondari wanaijua. Kupandisha joto la lita 1 ya maji kwa digrii 1 kunahitaji kilojuli 4.2 hivi, na yuniti moja ya umeme ni kilojuli 3,600. Maji ya bomba kwetu huwa na digrii 26 hivi. Kuyafikisha digrii 60 katika tangi zima la lita 50 kunahitaji takribani yuniti 2, na elementi yetu huifanya kazi hiyo kwa saa moja na dakika 20. Hapo ndipo penye siri ambayo wengi hawaijui: tangi likishapata moto halitulii. Joto huvuja polepole, kidhibiti kikaiwasha elementi tena, na hivyo mchana na usiku. Tulilithibitisha kwa makusudi siku tuliyokwenda harusini Malindi. Tulizima kila kitu isipokuwa hita, tukaandika namba za mita kabla ya kutoka na tena tuliporudi kesho yake. Yuniti moja na nusu ilikuwa imekwenda, wala hakuna aliyeoga hata kata moja.

Sasa litazameni hitaji la Bimkubwa. Birika la umeme la lita 1.5 likichemka limetumia kama yuniti 0.15, na kazi hiyo haizidi dakika tano. Maji hayo yakichanganywa na lita 6 na zaidi kidogo za maji ya bomba, hupatikana karibu lita 8 za maji ya vuguvugu, joto la digrii 40. Bwana Mtume, rehma na amani zimshukie, amepokewa kwamba akitawadha kwa mudi moja na kuoga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi haifiki hata lita moja. Basi birika moja linawatawadhisha wazee kadhaa, kwa sharti watumie kopo, si bomba lililoachwa wazi.

Mpango wetu ukawa huu. Kila usiku baada ya Isha birika huchemshwa, maji yakatiwa katika chupa ya chai kubwa, nayo ikawekwa kando ya kitanda cha Bimkubwa pamoja na ndoo ndogo na kopo. Alfajiri maji yangali moto. Huanza kwa kutia maji ya baridi ndooni, kisha yale ya moto, akajaribu kwa kiwiko. Hatuwashi chochote gizani wala hatumwamshi mtu. Siku hizi anakunywa maji yake mpaka usiku kama binadamu wengine, na kile kizunguzungu kimeondoka.

Tangi hatukulitupa. Linafaa siku ambayo wengi wanaoga kwa pamoja, kama Ijumaa kabla ya swala, au nyumba ikiwa na mzazi. Tunaliwasha saa moja na nusu kabla, likazimwa, kisha watu wakaoga mfululizo wakichanganya ndooni. Mtu mmoja akioga kwa ndoo ya lita 15 ya vuguvugu hutumia kama yuniti 0.3. Shawa ya umeme ya kilowati 5, aliyosimama kijana chini yake dakika 10, imekula zaidi ya 0.8. Vijana wetu wawili hawakufurahia hesabu hiyo.

Wako wanaoshauri kidhibiti cha tangi kishushwe hadi digrii 40 ili kuokoa umeme. Ushauri huo hatukuukubali. Maji yaliyokaa vuguvugu siku nyingi hulea vijidudu vinavyoweza kuingia mapafuni kwa mvuke wa kuoga, na digrii 60 ndizo zinazoviua. Afadhali tangi lipate moto barabara, litumiwe, lizimwe, kuliko kukaa vuguvugu wiki nzima. Lakini maji ya digrii 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache tu, na ngozi ya mtoto au ya mzee haivumilii hata hizo. Kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna mtoto afunguaye bomba lile peke yake.

Fikra ya kuwasha kwa saa maalumu, tukisema kweli, tuliipata kwa mdogo wa wifi yetu aliyeolewa Uingereza. Wakati wa likizo yeye na mumewe hukodi gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, wakazunguka na watoto mashambani. Hita ya gari hilo ina tangi la lita 10 tu, na umeme wanaopewa kambini ni ampea 10, yaani wati 2,300 kwa kila kitu. Hita na birika zikiwashwa pamoja, swichi huanguka na gari zima likawa giza. Basi huiweka hita katika daraja la chini la wati 900, akaiwasha kama dakika 40 kabla ya kutumia, akazima. Kiangazi cha huko Alfajiri huingia usiku mkubwa na maji ni baridi ya digrii 10, lakini familia ya watu watano hutawadha kwa tangi hilo na vyombo vikaoshwa kwa yaliyobaki. Tulipomsikia tukatazamana: sisi tuna lita 50 na tunalalamika.

Upande wa sharia tuliuliza, kwa kuwa Bimkubwa alidhani kutawadha kwa maji ya moto kunapunguza thawabu. Tukaambiwa kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii kinachochukizwa ni maji ya moto mno au baridi mno, yanayomzuia mtu kueneza maji vizuri viungoni. Na anayeogopa madhara ya baridi, naye ana uwezo wa kuyapasha maji moto, hana ruhusa ya kukimbilia tayamamu. Pakazuka na suala la maji yaliyopata moto kwa jua, ambalo kila aliyesoma chuoni analikumbuka: ni makuruhu kuyatumia mwilini yakiwa yangali moto, kama yamepata joto hilo katika chombo cha madini katika nchi ya joto. Imam Nawawi aliona kuwa hakuna makuruhu hapo. Matangi yetu meusi yaliyo juu ya mapaa ni ya plastiki, hivyo hayaingii katika sharti hilo. Tumefaidika: wakati wa kaskazi maji yake huwa vuguvugu yenyewe ikifika Alasiri, na watoto huogeshwa saa hiyo bila umeme wowote.

Jambo moja hatulifanyii mzaha, nalo ni ile koili ya kutumbukizwa ndooni. Ni rahisi kununua na ni rahisi kuua. Mtu hutia mkono ndani ya maji kujaribu joto huku swichi ingali imewashwa, au mtoto huivuta ndoo kwa waya. Tuliitoa nyumbani siku ile ile tuliyonunua birika. Vilevile, shawa ya umeme isiyo na waya wa kushusha umeme ardhini ni hatari, na maji ya chumvi huizidisha hatari hiyo kwa kuwa hupitisha umeme upesi zaidi. Ziko shawa zilizotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi. Mwenye kuoga maji ya kisima aulizie hizo.

Chumvi na chokaa ndizo zinazoyala matangi yetu pia. Chokaa ikiganda juu ya elementi, joto halipiti vizuri na elementi huungua kabla ya wakati wake. Ndani ya tangi mna ufito wa magineziamu uliowekwa uliwe na kutu badala ya chuma, nao ukiisha, tangi ndilo linalofuata. Fundi alipofungua letu mwezi uliopita alikuta ufito umebaki mwembamba kama njiti. Ameahidi kuleta mwengine Jumamosi, na chokaa ya birika tumeiondoa wenyewe kwa siki.