Nchi Zisizo Katika Ramani

Jioni moja, tulipokwisha kukusanya kakao yetu iliyokuwa ikianikwa uani, tuliwakuta watoto watatu wa jirani wameinamia simu moja. Walikuwa wakicheza mchezo wa falme, wenye ngome, wachawi, na wanyama ambao Mungu hakuwaumba. Mkubwa wao, mwanafunzi wa sekondari, alitueleza kwa subira kwamba mchezo huo una sehemu tatu, na kila sehemu ina nchi yake na ugomvi wake. Katika moja watu hugombania kiti cha mfalme, katika nyingine maji, katika nyingine ndugu huuana. Kisha akauliza: “Babu, mtu hupata wapi nchi isiyokuwako?”

Wasomaji wapenzi, mambo ya simu hatuyajui. Lakini nchi zisizokuwako twazijua tangu ujana wetu, maana tulisoma vitabu vya Shaaban Robert, yule Mtanganyika aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga na kufa mwaka 1962. Yeye naye alitunga nchi zaidi ya moja, na ugomvi wa nchi hii si ugomvi wa nchi ile.

Katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, kuna nchi ya Ughaibuni na mfalme wake Rai. Adili ni liwali wake, naye kila usiku huwapiga mijeledi manyani wawili, kumbe ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Hapo siasa yote imeingia ndani ya nyumba moja. Majina yenyewe yamekwisha kukuambia kisa.

Kufikirika, kilichochapwa baada ya kifo chake, ni nchi ya namna nyingine. Mfalme ana kila kitu ila mtoto, basi waganga wa kila aina huitwa. Mtoto apatikanapo, naye akaugua, watabiri husema hatapona mpaka wachinjwe watu wawili, mjinga mmoja na mwerevu mmoja. Ugomvi huko ni juu ya kitanda cha mgonjwa: nani ana haki ya kusema dawa ni hii?

Lakini nchi tuipendayo kuliko zote ni Kusadikika, ya mwaka 1951. Haiko juu ya ardhi. Inaelea angani, imepakana na pepo. Humo Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Mshtaki wake ni waziri Majivuno. Karama habishani naye. Anasimulia tu habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande zote nne, na juu mbinguni, na chini ardhini, kutafuta mambo ya kuifaa nchi. Kila mmoja alirudi amechoka, ana habari njema mkononi, na kila mmoja akatiwa gerezani. Mwandishi alikuwa karani katika serikali ya Waingereza. Tunadhani ndiyo sababu aliipandisha nchi yake hewani, mahali ambapo afisa hawezi kuifikia.

Kijana akacheka aliposikia jina la Kusadikika. “Kumbe ni nchi ya watu wanaosadiki!” Tukamjibu kwamba ndiyo dhihaka yenyewe, maana watu wa nchi hiyo hawamsadiki mjumbe hata mmoja. Hapo tukanyamaza, kwa kuwa tulikumbuka Mangina.

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola iko hapa kwetu. Tarehe 8 chanjo ikaanza. Wakaja watu wa Riposti, kama tulivyowaita, na magari mengi. Nasi tangu Oktoba 2014 tulikuwa tukizika watu waliochinjwa kandokando ya Beni, na hatukuona magari mengi hivyo. Basi tuliuliza: wasiokuja kwa ajili ya panga, mbona wanakuja kwa ajili ya homa? Swali hilo halikuwa la kijinga, na hata leo hatulionei haya. Kisha mwezi wa Desemba uchaguzi wa Beni na Butembo ukaahirishwa hadi Machi 2019, ugonjwa ukitajwa kuwa sababu mojawapo, na rais mpya akaapishwa Januari bila kura zetu. Huko Beni, tarehe 30 Desemba, watu walijitengenezea vituo vyao, wakapanga mistari, wakanawa mikono, wakapiga kura isiyohesabiwa na serikali. Siku hiyo nasi tulikuwa na nchi isiyo katika ramani.

Lakini mwezi ule wa Agosti tulifanya jambo jingine, nalo latuonea haya. Alikuwa amekufa mwanamke mmoja wa mtaa wetu. Mdogo wetu alimbeba. Nasi tulilala naye nyumba moja. Wajumbe wakaja kuandika majina ya waliomgusa marehemu, wapate kuchanjwa. Mmoja wao alikuwa Mnande kama sisi, akatuamkia vizuri. Tukasema hatumjui huyo marehemu. Tukafunga mlango. Jirani yetu, mama wa watoto hawa watatu, alitoa mkono wake akachanjwa, nasi tukamwambia mbele za watu kwamba ameuza damu yake. Watu wakacheka. Homa ilipomshika mdogo wetu tulimficha siku nne, na alipofikishwa kwa waganga alikuwa amechelewa. Ugonjwa ule ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeua watu zaidi ya 2,200. Yeye ni mmoja wao. Sisi tulichanjwa baadaye, kwa mkono wa kijana yuleyule.

Karama aliachiliwa mwishoni, na wale waliofungwa wakatolewa. Tulipomsomea kijana ukurasa huo aliuliza: “Na wale waliokuwa wamekaa barazani, Babu, waliambiwa nini?” Tukamwambia atafute mwenyewe.

Kitabu kiko kwao mpaka sasa, hakina jalada. Mama yao asema wanakisoma simu inapokwisha moto.