Mombasa: Kiazi ni kimoja, pilipili ni ya mwenyewe

JUMAPILI jioni, jua linapopungua ukali, nusu ya Mombasa huwa kama imekubaliana kukutana Mama Ngina, ile barabara ya ufuoni ambayo wenyeji wengi bado huiita Lighthouse. Familia hufika na watoto wao, vijana huja wawili wawili, na wazee hukaa chini ya mibuyu wakitazama meli za makontena zikiingia Kilindini. Bustani ya hapo ilijengwa upya na kufunguliwa mwaka wa 2019, ikapata viti na njia nzuri za kutembea. Hata hivyo, fuata pua yako na utajua kinachowaleta watu. Wanakuja kula pilipili.

Msomaji wa Nairobi huenda akashangaa. Kwetu huku, ukinunua chipsi, pilipili huwa katika chupa mezani. Ukitaka unamimina, usipotaka unaiacha. Mombasa mambo ni kinyume. Chukua viazi karai, kwa mfano. Kiazi huchemshwa, kikachovywa katika rojo la unga lililotiwa bizari, kisha kikatumbukizwa katika karai la mafuta moto. Ni kitamu, ndiyo, lakini cha huyu na cha yule hufanana kama mapacha. Kinachomfanya mteja awapite wauzaji watatu akapige foleni kwa wa nne ni bakuli la ukwaju lililo kando ya karai.

Ukwaju huo hutengenezwa nyumbani mchana. Hulowekwa katika maji ya uvuguvugu, ukakamuliwa kwa mkono hadi kokwa zitengane na nyama yake, kisha ukachujwa na kuchemshwa pamoja na pilipili, chumvi na kitunguu saumu. Hapo ndipo nyumba zinapoachana njia. Wengine hutia sukari, wengine tende zilizopondwa, wengine embe bichi lililoparwa. Kuna wanaopenda mzito unaong'ang'ania kiazi, na wapo wanaoutaka mwepesi wa kunywewa mkiani mwa sahani. Ukimwomba mpishi akupe kipimo, atakuonyesha kiganja chake. Basi ujaribu nyumbani na kiganja chako uone kama utapata ladha ile.

Mhogo una pilipili yake nyingine kabisa. Huchomwa juu ya makaa, ukapasuliwa katikati ungali moto, kisha muuzaji akachukua nusu ya ndimu, akaichovya katika chumvi na pilipili ya unga, akaupaka mhogo kwa hiyo ndimu huku akiiminya. Hakuna kingine. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo inayozishinda zote. Katika ukwaju, sukari inaweza kuficha uvivu wa mpishi. Kwenye mhogo hakuna pa kujificha.

Watoto wa Mombasa huanza masomo haya mapema. Mabuyu, zile mbegu za mbuyu zilizopikwa kwa sukari na rangi, mara nyingi hutiwa pilipili kidogo, na achari ya embe huuzwa karibu na milango ya shule. Hakuna haja ya kumhoji mtoto kama amekula. Ulimi mwekundu humshtaki mwenyewe.

Majumbani, suala hili si la mzaha. Biriani huandaliwa na achari ya ndimu au pilipili ya kusaga, samaki wa kukaanga hutafutiwa chatini ya nazi yenye pilipili mbichi na dania, na pilau haikamiliki bila kachumbari. Bwana aliyelelewa kwa pilipili kali akioa nyumba inayopenda ya utamu, bakuli huwa mawili mezani, na mke mwenye busara hatauliza lipi limeisha kwanza.

Ajabu ni kwamba mmea wenyewe ulikuja kama mgeni. Asili ya pilipili hizi ni Marekani ya Kati na ya Kusini, na hazikujulikana upande huu wa dunia kabla ya safari ya Columbus ya mwaka wa 1492. Wareno, ambao Vasco da Gama aliwafikisha Mombasa mwaka wa 1498, ni miongoni mwa waliozieneza katika pwani za Afrika na Bara Hindi. Kabla ya hapo, ukali wa chakula cha Waswahili ulitoka kwa pilipili manga na tangawizi.

Kwa mgeni ambaye mdomo utamwakia, neno moja la msaada: usikimbilie maji. Kiini kinachowasha, kapsaisini, hakiyeyuki vizuri katika maji, na kunywa maji mengi hukisambaza tu kinywani. Maziwa au mtindi husaidia zaidi. Wala usipanguse macho kabla ya kunawa mikono kwa sabuni.

Ukwaju wa nyumbani hauna dawa ya kuuhifadhi, kwa hiyo huchacha upesi. Anayeuuza lazima aupike tena na tena, akamue kwa mikono inayowashwa na pilipili, anunue ukwaju na kuni au makaa hata siku ambayo mvua itawafukuza wateja. Sosi ya dukani haimtaki afanye lolote kati ya hayo. Ni rahisi, hukaa miezi, na inamwagika nyekundu ya kuvutia. Vipo vibanda ambavyo vimeikubali, na siwalaumu wenyewe. Ada ya shule haiulizi ladha. Lakini mama aliyemfundisha bintiye kukamua ukwaju amempa mtaji. Kibanda chake hakihitaji bango, kwani wateja wake humjua kwa ulimi. Sosi ya chupa ikishaingia, muuzaji wa nne hana tofauti na wa kwanza, na mteja atanunua palipo karibu na gari lake.

Ukifika Mama Ngina, basi, usiwahi kununua. Tembea kwanza, tazama foleni ilipo, kisha uende mapema kabla ya magharibi. Usiku ukiingia, bakuli la ukwaju hukwanguliwa hadi chini. Viazi vikali vipo kwenye karai, moto ungalipo, na mteja anayefika wakati huo huchungulia bakuli, akauliza kama umebaki, akaambiwa umekwisha, naye akaenda zake.